Msumeno Ndani ya Gogo

Nyumba za Wafanyakazi,
Kiwanda cha Karatasi na Mbao,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

U hali gani huko? Kile kifua kimepoa, au baridi ya huko bado inakutesa? Wifi yangu hajambo? Na wanangu je? Yule mkubwa ameshaota meno ya mbele, au bado anacheka kama kikongwe? Mwambie shangazi yake amemkumbuka, na ile picha aliyonichorea nimeibandika ukutani juu ya kitanda.

Sisi huku tupo. Nasema tupo kwa kuwa sijui kama niseme wazima. Miili haina shida kubwa. Mama mguu unamsumbua asubuhi, ukipata jua unakubali. Chakula anakula, ingawa ni lazima nikae mbele yake kama askari.

Najua tumezoea simu, na bahasha nene kama hii itakushtua. Kaa chini kwanza. Kama wifi yupo karibu, mwite akae nawe. Hakuna aliyekufa, yaani hakuna aliyekufa juzi wala jana. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeikodolea macho, na nimeona niiache kama ilivyo.

Nianze na kazi, maana mambo yote yametokea kazini. Nilikwambia nimehamishiwa uwanja wa magogo. Ukirudi hutakitambua kiwanda. Ile misumeno mikubwa uliyokuwa ukiiogopa utotoni imeng'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu, kwa sababu miti minene imekwisha. Kinacholetwa siku hizi ni mikaratusi myembamba, unene wa paja la mtu mzima, mingine unene wa mkono tu. Iliyonyooka inachanwa vibao vyembamba, inakaushwa, inaunganishwa kwa gundi mpaka unapata ubao mpana ambao utaapa umetoka kwenye mti wa enzi za babu. Iliyopinda inamenywa magamba, inakatwa vipande vidogo, inapikwa hadi iwe rojo, na rojo linakuwa karatasi. Hakuna kinachotupwa. Ni miti ya haraka hiyo. Unaipanda mtoto anaanza shule, na kabla hajaota ndevu imeshakatwa.

Mimi nakaa kwenye kibanda cha vioo juu ya mkanda unaopeleka magogo kwenye mashine ya kukata vipande. Kabla ya mdomo wa mashine kuna kinasa chuma. Gogo likija na msumari au waya ndani yake, king'ora kinalia na mkanda unasimama, maana chuma kikiingia mle visu vyote vimekwisha.

Mwezi uliopita, muda mfupi kabla ya watu kwenda kula, king'ora kililia. Halikuwa jambo la ajabu. Nilishuka na msimamizi wa uwanja na yule kijana wa msumeno wa mnyororo tunayemwita Kimya. Tunamwita hivyo kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kufunga mdomo. Gogo lenyewe lilikuwa na nundu ubavuni.

"Huu mti una mimba," Kimya akasema, na watu wakacheka.

Wakalichana taratibu. Ndani ya ile nundu kulikuwa na bapa la msumeno wa kupogolea matawi, ule uliopinda kama mundu. Mti ulikuwa umekua ukaufumbata kama ngumi inavyofumbata kitu isichotaka kukiachia. Mpini ulishaoza, lakini ile ribiti ya kushikia mpini ilikuwepo, na nyuma ya ribiti kulikuwa na kifungo cha shaba chenye nyota.

Kaka, ni kifungo cha koti lako la shule. Unakumbuka baba alivyokikata, akakitoboa na kukiweka kwenye msumeno wake kwa kukosa kitu kingine, na wewe ukalia siku nzima? Akakushonea kifungo cha mti badala yake, ukakataa kulivaa lile koti mpaka mama akapandisha sauti.

Nilikaa chini pale pale kwenye magamba. Msimamizi alidhani ni joto, akaagiza niletewe maji.

Hadithi yetu unaijua, lakini acha niiandike tulivyoambiwa, ili uone ilipopasuka. Baba alikwenda kupogolea miti michanga siku ya Jumamosi, peke yake, kwa sababu alitaka kumaliza kipande chake kabla ya wiki mpya. Hakurudi. Siku hiyo hiyo, Mama Birika aliyekuwa akiuza chai kwenye geti la kambi yetu alionekana anapanda gari na mabegi yake. Mpaka kesho yake kambi nzima ilikuwa imeshawafungisha ndoa. Nani aliwahi kuwaona pamoja? Hakuna. Lakini kila mtu alikuwa na jirani aliyewaona. Mama akazikusanya nguo za baba, akazishindilia kwenye gunia. Wewe ukaapa kwamba hakuna mtoto wako atakayeitwa jina lake, na muda si mrefu ukaondoka.

Hakuna aliyemtafuta. Aliyetoroka nani amtafute?

Sasa niambie, mtu anayetoroka na mwanamke anautundika msumeno wake kwenye kishina cha tawi, kwa utaratibu, kama anayerudi sasa hivi?

Sikumwambia mama siku hiyo. Dereva wa lori alisema shehena ile aliitoa kipande cha bondeni, nyuma ya iliyokuwa kambi ya wapasua mbao wa zamani, wale waliokuwa wakipasua miti mikubwa kwa mikono. Asubuhi iliyofuata msimamizi alinipa ruhusa, akaja mwenyewe, na Kimya na wenzake wakatufuata. Ilikuwa visiki vitupu mpaka ng'ambo, marundo ya matawi, na ile harufu ya majani ya mkaratusi inayokaa kooni. Visiki vilikuwa vimeshaanza kuchipua.

Tulizunguka sana bila kujua tunatafuta nini. Kisha Kimya akanijia, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea kwa sauti ya chini.

"Dada, siku nilipoletwa huku kusaidia kukata, guu langu lilizama pale penye matawi. Nilidhani ni shimo la mnyama. Nikalichomoa, nikaendelea na kazi."

Wakaondoa matawi. Chini yake kulikuwa na majani yaliyooza, tabaka juu ya tabaka, na chini ya majani mabaki ya mbao. Kilikuwa kisima cha wale wapasua mbao, kimejengwa kwa mawe. Kilikuwa kikavu, maana mikaratusi ilishayanywa maji yote. Mizizi ilikuwa imepenya katikati ya mawe, inaning'inia ndani kama nywele.

Msimamizi alimulika tochi. Akaizima upesi, akavua kofia.

"Dada, usije huku," akasema.

Nilikwenda. Nitakuandikia kidogo tu, kwa sababu una haki ya kujua. Niliona viatu vyake vya kazi. Niliona dumu dogo lenye kamba mkononi mwake. Mizizi ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa ikamzunguka, na ilibidi polisi waikate ili wamtoe. Wiki ile mabomba ya kambi yalikuwa hayatoi maji, mama amekumbuka. Baba alikuwa na kiu, Kaka. Alitundika msumeno wake, akaenda kuchota maji ya kunywa, na mbao zilizofunika kisima zikamkatikia.

Hakutuacha. Alikuwa pale pale. Kutoka mlangoni kwetu hadi pale, mtu anafika kabla chungu hakijachemka.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Miti iliyokizunguka kile kisima ilishapita kwangu. Siku gani sijui. Nilikuwa kibandani, pengine nakunywa chai, ikapita chini ya macho yangu, ikakatwa, ikapikwa, ikawa rojo. Siku hizi nikimwona mtoto wa jirani amefungua daftari, nageuza uso. Karatasi hii ninayokuandikia imetoka ng'ambo, niliyasoma maandishi ya pakiti pale dukani mpaka muuzaji akaniuliza kama nina matatizo ya macho.

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo jioni. Alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikaliweka lile bapa la msumeno mezani, kifungo kikiwa juu. Hakuligusa. Nikamwambia tumempata baba, amepatikana kule bondeni.

"Kisimani," mama akasema.

Sikuwa nimetaja kisima. Nilimtazama. Yeye aliendelea kuchambua mchele, anatupa chuya, anatupa na mchele mzuri pamoja nazo. Nilimwuliza amejuaje, akainuka kwenda kuosha ule mchele. Nikajiambia kwamba moyo wa mke una macho yake, nikaacha.

Hospitalini daktari alitueleza kwa upole. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: je, alikufa papo hapo?

"Mama, mguu ulivunjika. Kichwa hakina jeraha," daktari akasema. "Zaidi ya hapo mifupa hainiambii kitu."

Mama alimshukuru. Tulipotoka, alinishika mkono njia nzima kama mtoto. Tangu siku ile upepo ukivuma anajiziba masikio kwa kitambaa. Mbele ya nyumba kuna ile mikaratusi ya mstari wa uzio, myembamba, na matawi yake yakisuguana yanatoa sauti. Wewe unaijua sauti hiyo. Tulikuwa tukiiigiza utotoni ili kutishana. Kaka, inafanana na mtu anayeomba.

Baada ya hapo akawa na neno moja tu mdomoni: anataka kumwona Mama Birika. Nilimwambia hatujui alipo. Akasema tumwulize shangazi, kwa sababu shangazi anajua kila mtu alipo, hata wale wanaomkimbia. Na kweli shangazi alijua. Tukapanda basi asubuhi, tukafika mchana.

Mama Birika sasa ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja cha kazi kando ya barabara, sare za shule zimetundikwa mpaka dirishani, na kiti cha wateja kimepasuka mto. Amenenepa kidogo, anavaa miwani. Alipomwona mama mlangoni alisimamisha cherehani kwa kiganja.

"Nilijua kuna siku mtakuja," akasema. "Nilidhani mtakuja na polisi."

Mama akamweleza yote, wima, amekataa kukaa. Kisima, msumeno, dumu. Mama Birika alivua miwani akaishika mapajani. Alisema siku ile aliondoka kwa sababu dada yake alikuwa amejifungua vibaya na hakukuwa na wa kumwuguza. Hakuaga mtu yeyote, hakuona sababu, alidhani atarudi baada ya siku chache.

"Habari zilifika kabla sijafungua mabegi," akasema. "Nilikuwa na mchumba. Alinisubiri stendi ili tu anirudishie vitu vyangu. Mume wako, salamu zake zote nilizihesabu kuwa za mtu anayetaka chai ya mkopo. Sijawahi hata kukaa naye benchi moja."

"Najua," mama akasema. "Sikuja kwa ajili hiyo peke yake."

Kisha akasema jambo ambalo nimekaa nalo siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Alinitaka nikuandikie kama lilivyo, nisilipake sukari.

Alisema siku chache baada ya baba kupotea, yeye na wanawake wengine walikwenda bondeni kuokota matawi yaliyopogolewa ili wapate kuni. Wakasikia mtu analia katikati ya miti michanga. Wenzake walitupa mizigo wakakimbia, wakisema ni mzimu wa wapasua mbao. Unakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakikikwepa kipande kile? Ilianzia siku hiyo. Lakini mama hakukimbia. Alisimama.

"Ulimtambua?" Mama Birika akauliza.

"Nilisikia jina langu."

Mimi nilikuwa nimeshika upindo wa sare moja iliyotundikwa, na sijui nilikuwa nimeushika tangu lini.

"Nikajiambia ni miti inasuguana," mama akaendelea. "Ile myembamba upepo ukiipiga inasema kama watu. Halafu nikasema moyoni, na hata kama ni yeye, si anaye wa kumsaidia? Nikabeba kuni zangu. Nikaenda nazo nyumbani, nikawapikia wanangu."

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu ni wewe uliyekuwa kichwani mwangu pale. Kama nisingekuwa nakuchukia, ningekwenda kutazama."

Mama Birika akavaa miwani yake. Akainuka, akamimina maji kwenye glasi, akamwekea mama mkononi, na mama akakaa kwenye kile kiti kilichopasuka.

"Siwezi kukusamehe kwa niaba yake," Mama Birika akasema.

"Sikuomba hilo."

"Na kwa upande wangu, nipe muda. Nimelibeba jina hili kama mzigo wa mtu mwingine, siwezi kulitua kwa glasi moja ya maji."

Hatukukaa sana baada ya hapo. Alitusindikiza mpaka mlangoni. Tulipokuwa tunashuka ngazi akauliza kama tumeshamzika. Mama akasema bado, tunamsubiri mwanawe.

"Basi nijulisheni siku," akasema. "Nitapita kwenye geti lile lile, mchana, watu wote wakiniona."

Ndani ya basi mama alilala begani kwangu kama mtu aliyetoka kwenye homa. Nilikuwa na hasira naye, nakuambia ukweli. Nilitaka kumwamsha nimwulize baba alikuwa na sauti gani, aliita mara ngapi, alisikika yuko karibu kiasi gani. Sikumwamsha. Nilimfunika kanga, nikatazama nje dirishani mashamba ya miti yanavyopita, mistari na mistari, yote ya rika moja, yote yamesimama kama wanaosikiliza.

Msimamizi wetu ni mtu muungwana. Alikuja nyumbani kutupa pole na kutueleza kuwa kwa kawaida machipukizi ya visiki huachwa yakue, ndiyo mavuno yajayo, lakini kampuni imekubali kuacha mduara wa miti kuzunguka kisima kama kumbukumbu. Mama akamjibu kwamba hataki kumbukumbu ya miti. Alitaka ving'olewe visiki vyote vya pale, na ardhi iachwe tupu. Vikang'olewa. Kimya ndiye aliyefanya kazi hiyo, na wenzake wanasema siku nzima hakutamka neno.

Sasa kuna nyasi tu. Mama anakwenda pale alasiri, anakaa na mguu wake juani. Sijui anasema nini akiwa kule, na simwulizi.

Kaka, sikuombi usimkasirikie. Mimi mwenyewe siku nyingine namwekea chakula na kuondoka bila kumtazama, na siku nyingine naingia kitandani kwake kama nilipokuwa mdogo. Najua na wewe una yako na baba, maneno uliyoyasema ukiwa mlangoni siku unaondoka. Aliyewekwa hospitalini si mtu uliyemwapia. Ni mtu aliyekuwa na kiu.

Wazee wamekubali kusubiri. Wewe ndiye mkubwa, na ni wewe wa kusimama kichwani pake. Njoo na wifi kama ataweza, na watoto waje waonyeshwe babu yao.

Shangazi anakusalimu na anasema ukija umletee miwani ya kusomea, ile ya zamani ameikalia. Mjomba anakusalimu. Kimya, ambaye hujawahi kumwona, amesema nikupe pole yake. Msalimu sana wifi, wabusu watoto, yule mdogo mara mbili. Mungu awashike mkono njiani na awafikishe mkiwa nyote.

Ombi langu la mwisho ni hili. Ukiisoma barua hii, usipige simu. Sauti yako siku hizi imekuwa ya baba kabisa, na mama hawezi tena kuisikia ikitoka mahali ambapo hakuoni. Njoo tu. Simama mlangoni kwanza, akuone, ndipo umwite.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,

Kitinda mimba